Swali Uliloniuliza Tukimenya Karanga

Ushirombo,
Jumamosi, jioni.

Mwanangu Kabula,

Marahaba, mama, kwa ile shikamoo ya mchana ambayo niliiitikia kwa kikohozi. Umekwenda kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakufungia michembe, vile viazi vikavu vya kula njiani. Kesho alfajiri lori la pamba litakuchukua hadi Kahama, na ukifika Isaka utapanda treni. Naandika sasa kabla nyumba haijajaa tena wageni, wale wanaokuita daktari na kukuonyesha magoti yao yanayouma. Jana nilikusikia ukimweleza mzee mmoja, kwa upole kabisa, kwamba udaktari unaousomea ni wa miti. Akakuuliza, "Kwani miti nayo inaugua?" Ukacheka, nami nikacheka huku ndani mpaka kifua kikanibana.

Habari za sweta na za kufunga mlango atakwambia mama yako. Mimi nataka kujibu swali lako.

Juzi, tukiwa uani tunamenya karanga, ulinieleza habari za huko unakokwenda. Kwamba chuo chenu kimepatana na kampuni ya karatasi ya nyanda za juu kusini, ninyi mnaosomea udaktari wa misitu mkae kazini kwao mwaka mzima, muone kwa macho yale mnayoyaandika. Ulifurahi sana ulipotaja mashamba ya miti ya misindano yanayofunika vilima hadi macho yanachoka. Halafu ukasema kwamba mkataba uliotia sahihi unakukataza kumweleza mtu wa nje chochote utakachokiona bila ruhusa ya kampuni, na kwamba kampuni isipokupa cheti cha kuonyesha umemaliza salama, chuo hakitaipokea kazi yako. Ukaokota karanga nyingine, ukauliza bila kuniangalia:

"Baba, nikiona kitu kibaya huko, nifanyeje?"

Nikakohoa. Kifua changu ni kibovu kweli, lakini kile kikohozi nilikitafuta. Mama yako alikuwa amekaa pale pale na ungo wake mapajani, na jibu langu ni jambo ambalo mimi na yeye hatujawahi kulizungumza tangu kabla hujazaliwa.

Unajua kwamba nilifanya kazi mgodini, nyuma ya vilima vya Geita, na kwamba tulihama wewe ukiwa tumboni. Kwa nini tulihama, hilo hujaambiwa.

Kazi yangu ilikuwa kusimamisha matimba. Ndivyo tulivyoziita nguzo za miti zinazoshikilia mwamba usiwaangukie watu kwenye njia za chini ya ardhi. Tulishuka asubuhi kwa kizimba cha chuma, tumebanana bega kwa bega, na jua tukaliacha juu. Juu nako kulikuwa na kizimba chake. Kambi ilizungushiwa waya, getini alikaa askari, na hata Jumapili ukitaka kutoka kumtembelea ndugu, ulionyesha kipande chako, ile kadi ya kazi. Lakini tulikuwa na nyumba ya matofali, sakafu ya saruji, na bomba la maji hatua chache kutoka mlangoni. Dada yako Minza alisoma shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mama yako alikuwa ametoka kijiji cha kuchota maji mtoni, na lile bomba alilipenda. Aliliosha kama mtu anavyoosha sahani.

Nikuambie jinsi mtu anavyokwama, kwa sababu wengi hudhani mtu hukwama siku moja. Mimi nilikwama kwa kupewa vitu vizuri. Kila nilichopewa nilihofia kukipoteza. Nyapara akitukana, nilifikiria nyumba. Saa za kazi zikiongezwa, nilifikiria shule ya Minza. Nikajizoeza kutoona. Mwisho ukiniuliza kama leo kuna mvua, nilitaka kwanza kujua wakubwa wamesemaje.

Basi akaja kijana mmoja wa Upareni, jina lake Elisante. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Alikuwa anasomea Ulaya udaktari huu huu wako wa misitu, na chuo chake kilimtuma mgodini kwetu afanye mazoezi ya kazi kwa miezi kadhaa, achunguze miti ya nguzo inakaa muda gani chini ya ardhi kabla ya kuoza. Alipewa kofia ngumu nyeupe, ya wakubwa. Wafanyakazi wakamwona ni mkubwa, wakubwa wakamwona ni mwanafunzi, na wakati wa kula hakuna aliyemwita. Mama yako ndiye aliyemwona amekaa peke yake kwenye ngazi za stoo anakula mkate mkavu. Akaniambia, "Mtoto wa watu yule, mlete." Tangu siku hiyo akawa anakula kwetu, ugali na dagaa, mkekani pamoja na Minza.

Nilipewa kazi ya kumtembeza chini. Zamani nguzo zetu zilikuwa za mninga na miti mingine migumu ya porini, lakini ile ya karibu ilikuwa imekwisha, na kuifuata ya mbali ilikuwa kazi kubwa. Mgodi ukaanza kutumia mikaratusi iliyopandwa karibu na kambi, ikikatwa michanga na kushushwa chini ikiwa bado mibichi. Elisante alikuwa na kisu kidogo. Alikichomeka kwenye nguzo moja, kikaingia mpaka mpini kama kwenye papai bivu. Akaniangalia. Mimi nikaangalia pembeni.

Hakunyamaza yule. Aliomba kuonana na meneja, nami nikabeba vipande vya nguzo mpaka ofisini, nikasimama navyo mlangoni. Elisante alichukua kimoja, akakivunja kwa mikono juu ya meza ya meneja. Unga wa mti ukamwagika kwenye karatasi. Akaeleza vizuri, bila hasira, njia zipi ni za hatari na kwa nini.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kazi nzuri sana." Akaagiza aletewe chai. Chai ilipokuja akamwambia, "Lakini wewe ni mwanafunzi, Bwana Elisante. Umeletwa hapa kujifunza. Na ulitia sahihi kwamba mambo ya hapa yatabaki hapa. Au sivyo?"

Elisante akasema, "Ndivyo."

"Kunywa chai yako, basi. Mwisho wa muda wako nitakutilia sahihi, urudi chuoni kwa amani."

Jioni ile alikuja kwetu, hakula. Aliniambia, "Nikienda kwa mkaguzi wa serikali, huyu bwana hatanitilia sahihi, na masomo yangu yote yamekwenda bure. Nikikaa kimya, watu wanashuka kila asubuhi. Kaka, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nikamjibu, "Mimi ningekula kwanza, chakula kinapoa."

Unaona, Kabula? Hata wakati ule nilikuwa na kikohozi changu.

Wiki chache baadaye aliomba tushuke mara nyingine, achukue vipande vya mwisho kwenye njia ya mbali. Tulikuwa wawili tu. Alikuwa amechuchumaa anakata, nami nimemshikia taa, niliposikia mti unalia. Haukulia kwa nguvu, ulilia kama mlango wa kabati. Nilimvuta shati. Shati likachanika likabaki mkononi mwangu, na mwamba ukashuka.

Vumbi lilipotulia nikajua niko hai kwa sababu nilikuwa nakohoa. Njia tuliyojia ilikuwa imezibwa na mawe mpaka juu. Nyuma yetu ulikuwa mwamba mtupu. Tulibakiwa na nafasi kama ya jiko la mama yako, na kusimama wima hakukuwezekana. Mguu wa Elisante ulikuwa chini ya gogo, na juu ya gogo kulikuwa na jiwe ambalo hata tungekuwa watu kumi tusingelisogeza. Nilizima taa ya kofia yangu, nikamwambia azime yake, tuzitunze.

Giza la chini si giza la usiku, mwanangu. Ukifumba macho na ukifumbua, ni kitu kile kile. Nilianza kusikia moyo wangu masikioni. Nikatambaa, nikalipata bomba la hewa ukutani, nikaligonga kwa jiwe. Nikasikiliza. Nikagonga tena.

"Wanatusikia?" Elisante akauliza.

"Wanatusikia," nikasema. Nilikuwa sijasikia kitu.

Tukakaa. Maumivu yalipomzidi aliomba nizungumze, neno lolote. Nikamsimulia habari za kijijini kwetu, za ng'ombe wa baba yangu, za jinsi nilivyomposa mama yako nikakataliwa mara ya kwanza. Akacheka, kisha akalia, kisha akasema jambo ambalo silisahau: "Nikifa hapa wataandika kwamba mwanafunzi hakuwa mwangalifu."

Nikamwambia hatutakufa.

"Nilisema mezani kwao," akasema, "wakanipa chai. Na mimi nikainywa, kaka. Nikainywa yote."

Nilimshika mkono. Hewa ilizidi kuwa nzito, kama kuvuta pumzi ndani ya blanketi. Nilimfikiria mama yako, na wewe uliyekuwa hata hujaanza kucheza tumboni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya mgodini sikuona nyumba wala bomba. Niliona tu kwamba niliujua ubovu tangu kile kisu kilipoingia kwenye nguzo, na nilijua hata kabla yake, kwa sababu zile nguzo nilizisimamisha mimi.

Wenzetu walitufikia. Walichimba kwa zamu bila kupumzika, na walipotoboa tundu la kwanza, hewa iliyoingia ilikuwa na harufu ya jasho la watu. Sijawahi kunusa kitu kizuri kama kile. Elisante walimtoa kwa kulikata gogo kidogo kidogo. Mguu uliokolewa, ila haukunyooka tena.

Mkaguzi wa serikali akaitwa. Kabla hajafika, nyapara wetu Masanja alikuja nyumbani, akakaa, akaulizia afya yangu. Ndipo akasema, "Mkaguzi akikuuliza, sema mwamba ulisogea wenyewe. Ni mambo ya Mungu. Meneja anataka kukupandisha uwe nyapara wa juu, hutashuka tena shimoni. Mke wako ni mjamzito, bwana. Fikiria."

Nikafikiria. Nilifikiria nikiwa peke yangu, na hapo ndipo lilipo kosa ninalotaka ulijue. Mama yako alikuwa chumba cha pili anakunja nguo. Nilimsikia akizikunja. Sikwenda kumwambia Masanja amesema nini, wala kumuuliza tufanyeje. Nilijiambia namwepusha na wasiwasi. Ukweli ni kwamba nilitaka uamuzi uwe wangu, kwa sababu kwa miaka mingi sikuwa nimeamua kitu.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Mkaguzi alikaa upande huu, meneja upande ule. Nikaulizwa. Nikasema, "Nguzo zilikuwa mbovu. Yule kijana alisema hapa hapa, juu ya meza hii, nami nilikuwa nimesimama mlangoni."

Meneja hakunigombeza. Hakuna aliyenifukuza. Mwezi uliofuata malori yakaanza kuleta mninga kutoka mbali, nguzo za njia zile zikabadilishwa, na watu wengi walioshuka baada ya hapo walipanda wazima. Hilo namshukuru Mungu kwalo. Lakini mimi nikaambiwa kwamba nyumba yetu inatakiwa ikarabatiwe, tutoke kwa muda. Jina langu likahamishwa kwenye kazi za vibarua. Halafu vibarua wakapunguzwa. Askari wa getini alikichukua kipande changu, na geti nililolichukia miaka yote likafungwa, mimi nikiwa nje na mke mjamzito, mtoto na magodoro mawili.

Elisante naye hakupewa sahihi. Chuo chake kikamwambia aanze mazoezi upya mahali pengine, mguu ukishapona.

Tukaenda Nkome, ziwani, kwa binamu yangu aliyekuwa na mtumbwi. Ndiko ulikozaliwa, siku ya mvua kubwa, ukaitwa Kabula. Tuliishi kwenye kibanda cha nyasi kilichonuka samaki, tumebanana na watu wengine. Nilidhani nimetoka kwenye kizimba, kumbe nimeingia kwenye kingine. Minza aliacha shule. Akiwa na umri wa kushika kalamu alikuwa anageuza dagaa mchangani tangu jua linachomoza. Zile dagaa ndizo zilizokusomesha wewe mwanzoni, na unajua jinsi anavyolia kila ukipata shahada, ukadhani ni furaha tu. Ni furaha. Lakini kuna kingine ndani yake, na nakuomba ukipita kwake siku moja umshike mkono bila kusema sana.

Mama yako hakunilaumu hata siku moja. Alikwenda ziwani kuchota maji, akarudi na ndoo kichwani, akapita mbele yangu kimya. Mimi nilikisoma kile kimya kuwa ni bomba. Nikajua ananidai bomba lake. Basi nami nikanyamaza. Tulirudi huku Ushirombo kwa wazee wangu, tukahamishiwa kijiji kipya kama wengine, tukalima pamba, tukawalea ninyi, na hatukulitaja lile jambo. Nilisema mara moja ofisini kwa meneja, halafu nyumbani kwangu nikawa bubu. Sasa vumbi la mawe limeniziba kifua, nikifika mlangoni pumzi inakatika, nakaa kwenye kiti hiki naangalia ukuta, na mara nyingi nimejiuliza kama kweli nilitolewa mle shimoni.

Elisante alikuja mara moja. Unamkumbuka yule mgeni aliyechechemea, ulipokuwa darasa la tano? Alishaupata udaktari wake, kwa kuchelewa, na alikuwa afisa misitu Tabora. Ulimuuliza kwa nini muyombo ukikatwa unachipua tena, na mninga hauchipui upesi hivyo. Akaacha uji wake ukapoa, akakueleza mpaka jua likazama. Wewe ukaona ni mgeni mwenye maneno mengi. Mimi nilikuwa namwangalia mguu.

Nilitaka kuimalizia barua hapa, nikakosa amani. Kwa hiyo niliweka kalamu chini, nikamwita mama yako. Alikuja mbio akidhani ni kifua.

"Mama Minza, kaa," nikamwambia. "Nina neno la zamani. Siku ile ya mkaguzi, kama ningekuja kwanza nikakuuliza, ungesemaje?"

Akaketi. "Umengoja mpaka mtoto anaondoka ndipo uniulize?"

"Ndiyo."

"Ningekwambia useme," akasema. "Yule kijana alikula kwangu. Ningekwambia useme, na bomba lao wabaki nalo."

Kabula, nilishindwa kufumba mdomo. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lingine.

"Sasa kile kimya cha Nkome kilikuwa cha nini?"

"Wewe uliamua," akasema. "Mimi nikahamishwa kama sufuria."

Akasimama, akarudi jikoni. Namsikia sasa hivi anazipanga sahani, kwa kishindo kidogo kuliko kawaida, na sijui kama ni hasira au ni mtu aliyetua mzigo.

Basi hilo ndilo jibu langu. Sijui utaona nini huko. Pengine hutaona kibaya chochote, utarudi na cheti chako na hadithi za vilima vya misindano, na tutacheka. Pengine utawekwa kwenye meza ya chai. Sitakwambia useme, wala sitakwambia unyamaze, maana sitakuwa nimesimama mlangoni pale, na nimeishi na gharama ya kusema pamoja na faida yake, na mpaka leo sijui kuvipima. Ninalokuomba ni moja. Siku utakapojiona umebanwa, usikate shauri peke yako ndani ya chumba chao. Tuandikie kwanza, utueleze yote. Likija la kutugharimu, litukute tunalijua, na tumelikubali kwa midomo yetu.

Na juu ya bahasha andika jina la mama yako. Siku hizi anasoma mwenyewe, tangu yale masomo ya watu wazima, polepole, kidole kikiwa chini ya mstari. Mimi nitangoja amalize.

Ni mimi baba yako.